Vipande 30 vya fedha vya kanali wa Subukia

Februari ni mwezi wa Sir Michael Blundell. Alifariki Nairobi tarehe 1 Februari 1993, na ni Februari 1960 alipotua Embakasi akitoka kwenye mkutano wa Lancaster House, London, akapokewa kama msaliti.

Ukishuka Subukia kutoka Bahati, barabara inapinda kona baada ya kona, kisha bonde linafunguka chini yako: mahindi, kahawa, migomba, mapaa ya mabati. Hapa ndipo Blundell alipolima. Alizaliwa London mwaka 1907, akaja Kenya 1925 akiwa kijana wa miaka 18 kujifunza kilimo. Vita vya Pili vilimtoa shambani. Alivaa magwanda 1940, akaongoza askari Waafrika wa kikosi cha mapaionia, na kufikia 1944 alikuwa kanali. Aliporudi alitumikia pareto kama mwenyekiti wa bodi yake kuanzia 1949, na tangu 1948 aliwakilisha Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Tusimpake mafuta. Wakati wa hali ya hatari ya enzi za Mau Mau alikuwa mmoja wa watu wanne wa Baraza la Vita lililoundwa 1954, pamoja na Gavana, naibu wake na mkuu wa majeshi. Maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya wazungu ya huku Nakuru, na familia zilizopandishwa malori enzi hizo bado zinayasimulia. Kitabu chake cha 1964, So Rough a Wind, ambacho nimekitegemea sana hapa, kinaisimulia miaka hiyo kutoka upande wa meza ya wakubwa.

Lakini mtu huyo huyo alisoma alama za nyakati. Mwaka 1959 aliacha uwaziri wa kilimo, akaanzisha New Kenya Group, chama cha watu wa rangi zote. Kule Lancaster House, waziri wa makoloni Iain Macleod alipoweka mezani katiba ya kuwapa Waafrika wingi katika Baraza, Blundell na wenzake waliikubali. Walowezi wa Bonde la Ufa walihisi wameuzwa. Alipowasili Embakasi, mlowezi mmoja alimtupia miguuni mfuko wa sarafu, vipande 30, akimwita Yuda. Kila aliyesoma Injili alielewa. Mtu aliyewaongoza wazungu Barazani kuanzia 1952 hadi 1954 alisimama mbele ya umati huku fedha zimetawanyika sakafuni. Wapo marafiki wa miaka mingi ambao hawakumsamehe kamwe.

Kisasi kilikuja kwenye kura za 1961. Kwa viti vilivyotengewa Wazungu, mgombea alipaswa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za Wazungu wenyewe, ndipo apelekwe kwa wapiga kura wa rangi zote. Mpinzani wake, Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, alikuwa ameacha kiti cha Spika ili kuongoza walowezi wenye hasira. Katika mchujo Blundell alipita chupuchupu. Kisha Waafrika walipopiga kura, alishinda kwa kishindo. Aliyekataliwa na majirani zake wenye mashamba aliingizwa Barazani na watu waliokuwa vibarua katika mashamba hayo.

Baada ya uhuru aliacha siasa akaingia kwenye biashara. Kuanzia 1964 hadi 1977 alikuwa mwenyekiti wa East African Breweries, kampuni ya bia. Aliongoza pia bodi ya Chuo cha Kilimo cha Egerton, Njoro, hadi 1972. Uzeeni aliandika vitabu vya maua ya mwituni ambavyo wapenda mimea bado wanavitumia.

Kinachoniuma ni karatasi zake. Barua alizoandikiana na wanasiasa na walowezi, pamoja na majalada ya chama chake, zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Wasomi wamezichimba, Gary Wasserman alizitumia katika kitabu chake cha 1976 kuhusu Wazungu wa Kenya na suala la ardhi. Hizi si karatasi za mzungu mmoja tu. Zinaeleza jinsi mashamba ya Solai, Subukia na Molo yalivyojadiliwa, nani aliogopa nini, na fedha za Uingereza za kununua ardhi ziliombwaje. Wajukuu wa walionunua mashamba hayo kwa mikopo wanaishi juu ya mapatano hayo hadi leo.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ina kituo chake hapa. Nakala za karatasi hizo zingefaa kuwa humo, mezani, mwanafunzi wa Egerton azifungue bila kuomba ruhusa ng'ambo. Kutoka Subukia hadi mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa matatu. Kwa sasa, anayetaka kuona alichoandika jirani yake wa zamani anahitaji viza ya Uingereza.