Kadi ya kijani ya mwekezaji: kibali cha kazi huja lini?

Swali hili naulizwa sana na wazazi wenye watoto wanaosoma Marekani: tukishalipa pesa za uwekezaji, kijana anaweza kuanza kazi lini? Wengi hudhani ni pale pesa zinapoingia. Sivyo.

Njia yenyewe huitwa EB-5. Tangu sheria ya Machi 2022, mwombaji huweka dola 800,000 katika eneo la mashambani au lenye ukosefu mkubwa wa ajira, ama dola 1,050,000 kwengineko, na uwekezaji wake uzalishe ajira 10. Hata kile kiwango cha chini chapita shilingi milioni 100 za kwetu. Mzazi aweza kumpa mtoto pesa hizo kama zawadi, ila chanzo chake halali kithibitishwe kwa karatasi. Wapo wanaofikiria kuuza nyumba ya urithi kwa ajili hiyo, na hao ndio nawaandikia.

Ombi la uwekezaji, yaani fomu I-526 au I-526E, halimpi mtu ruhusa ya kazi. Ruhusa hufuata I-485, fomu ya kubadilisha hadhi ukiwa ndani ya Marekani, ukiambatanisha na I-765 ya kibali. Zamani ulingoja ombi la uwekezaji likubaliwe kwanza, na hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Sheria ya 2022 imeruhusu fomu zote ziende pamoja, maadamu mwombaji yuko kule kihalali na viza ya kundi lake haina foleni. Foleni hupimwa kwa nchi uliyozaliwa, si pasipoti unayobeba.

Risiti ya kupokewa fomu si kibali. Kijana asubiri mpaka kiidhinishwe, na huo ni muda wa miezi usio na tarehe ya kuahidiwa. Asiguse kazi hata katika kampuni aliyoweka pesa zake mwenyewe. Kama ana kazi ya chuoni inayoruhusiwa na viza ya mwanafunzi, aendelee nayo kwa masharti yake.

Safari nayo ni mtego. Akitoka Marekani kabla ya kupata idhini ya kusafiri, inayoombwa kwa I-131, I-485 huhesabiwa kuwa ameiacha, hata kama ametoka kuja kumzika mzazi. Wanaosalimika ni wenye viza chache maalumu, na ya mwanafunzi haimo.

Anayeombea akiwa Mombasa hapati kibali chochote cha kungojea. Yeye humalizia kwa mahojiano ubalozini Nairobi, kisha huweza kufanya kazi tangu siku anayoingia Marekani kwa viza ya uhamiaji.