Barua Mbili Mezani: Kutoka Karanga za Kongwa hadi Mkataba wa Doha

Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita alinifuata nyumbani, hapa Kikuyu. Kwa msomaji wa mbali niseme mapema kwamba hii si Kikuyu ya Kenya. Ni kata ya jijini Dodoma, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. "Mbukwa, Mwalimu," alisema, akaketi, akaweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa barua ya kusitishiwa ajira. Alikuwa ametunza takwimu za mradi wa afya kwa miaka sita, na mwanzoni mwa 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mradi ulikatika kama kamba iliyooza. Ya pili ilikuwa mkataba wa miaka miwili wa kutunza ghala la vifaa vya hospitali mjini Doha, nchini Qatar.

"Naomba unisomee, Mwalimu. Wewe ni mtu wa nyaraka."

Kweli mimi ni mtu wa nyaraka, lakini zile ambazo waliozitia saini wamekwisha kufa. Nimezoea kuusoma mkataba huku nikijua mwisho wake. Huu ulikuwa bado haujawa na mwisho, na mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu akinywa chai.

Watu wengi hudhani kwamba kupoteza kazi na kuvuka bahari kutafuta nyingine ni jambo lililoanza na kizazi hiki. Mkoa wetu unayo kumbukumbu ya kinyume chake. Mwaka 1947, si Mgogo aliyekuwa akifunga sanduku kwenda ng'ambo. Ni Mwingereza aliyekuwa akifunga lake kuja Kongwa. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamevuliwa sare kwa mamilioni, na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na A. J. Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa wiki chache mwaka 1946, ukarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Sehemu kubwa ingekuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri wa Chakula, John Strachey, alilibeba jambo hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Wanajeshi wa zamani waliomba kazi kwa wingi mno, hata magazeti ya kwao yakawaita jeshi la karanga.

Hebu tuwatazame watu hao kwa jicho la huruma kidogo, maana kwa kawaida tunawatazama kwa kicheko. Walikuwa na ujuzi ambao haukuwa na mnunuzi tena: kuendesha vifaru, kutengeneza injini, kupanga misafara. Waliambiwa kwamba huko Afrika ujuzi huo unahitajika. Walishuka Dar es Salaam, wakapanda gari moshi la Reli ya Kati iliyokuwa imejengwa na Wajerumani, na njia mpya ikachepushwa kutoka Msagali hadi Kongwa kwa ajili ya mradi wao. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa masalia ya vita kutoka Ufilipino, yamechakaa. Baadaye hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Yote hayo yalikuja kupambana na ardhi ambayo wakati wa kiangazi hukauka ikawa kama saruji, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kujifunza jambo kuhusu mvua. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920, ilikuwa bado ndani ya kumbukumbu za watu wazima wa Ugogo. Haikuhitajika tume kuwauliza. Ilihitajika saa moja ya kuketi chini ya mbuyu.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000.

Kinachonivuta mimi zaidi si matrekta. Ni karatasi. Kwenye shamba moja, chini ya jua moja, palikuwa na karatasi za aina mbili. Mzungu alikuwa na mkataba wa ajira, wenye cheo chake na mshahara wa mwezi. Mwafrika, kwa desturi ya kazi za mashambani ya wakati huo, alikuwa na kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama, na malipo hayaji mpaka kadi ijae. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Mwezi Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulipanda na reli stesheni kwa stesheni mpaka bara, na Kongwa nako kazi ikasimama. Nadhani tunaisimulia kidogo mno habari hiyo. Tunaisimulia Kongwa kama kichekesho cha wakoloni, au kama kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Angola waliofika tangu 1964. Katikati ya simulizi hizo mbili amesahauliwa kibarua.

Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Vitabu vinamtaja Strachey, vinamtaja Wakefield, vinamtaja Jenerali Desmond Harrison aliyesimamia kazi huku. Kibarua hutajwa kwa wingi tu, kama mvua au nzige.

Safari za kutoka kwetu kwenda mbali nazo zilikuwa na karatasi zake. Manamba wa mkonge walibeba jina la namba walizopewa. Waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia WENELA, wengi wao wakiwa watu wa nyanda za kusini, walipimwa afya na kutia kidole gumba. Katika mfumo huo wa migodi palikuwa na utaratibu wa kuzuia sehemu ya ujira mpaka mtu arudi kwao. Waajiri waliuita uwekaji wa akiba. Ulikuwa pia kamba ya mguuni. Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere ilisitisha uandikishaji huo, nami naona ilifanya vyema, ingawa sijaona maandishi mengi yanayouliza wale waliokuwa wakiutegemea ujira ule walikula nini mwaka uliofuata.

Kisha likaja neno redandansi. Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na hasa katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali wakapunguzwa. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, katika shirika ambalo sitalitaja. Barua yake ilikuja mwaka 1995. Kiinua mgongo alinunulia mashine ya kusaga. Mota iliungua kabla ya mavuno ya pili. Rafiki yake akamwandikia kutoka Botswana kwamba huko wanatafutwa mafundi mchundo. Baba mdogo akashona suti, akanunua sanduku, akapata pasipoti kwa taabu. Mwajiri wa huko akaomba kitu kimoja tu: hati ya utumishi. Shirika lilikuwa limekwisha kufilisiwa. Alizunguka ofisi kwa ofisi miezi minane, na kila aliyemkuta alimwambia kwamba mwenye mamlaka ya kusaini hayupo. Lile sanduku tulilitumia baadaye kuwekea mahindi ya mbegu.

Kwa hiyo, kabla sijausoma mkataba wa Doha, nilimuuliza kijana: "Hati yako ya utumishi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Alidhani barua ya kusitishwa inatosha. Nikamwonyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo ajira inapokoma. Ofisi ya mradi ilikuwa ifungwe Ijumaa. Alikwenda kesho yake asubuhi, akamkuta mhasibu peke yake kati ya maboksi, na mhasibu huyo akaiandika na kuisaini juu ya boksi kwa sababu meza zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Tulipoingia kwenye mkataba wenyewe, kijana ndiye aliyenifundisha. Sheria yetu hiyo hiyo, alisema, inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, tena mwisho miaka 10. Sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 inataja si chini ya wiki 3 kwa kila mwaka. "Sasa, Mwalimu, nani anamthamini mfanyakazi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimkumbusha ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 kuhusu dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, walionyang'anywa pasipoti na kucheleweshewa au kunyimwa mishahara. Nilimweleza mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Naye akanieleza kwamba mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kibali cha mwajiri kwa anayehamia kazi nyingine, ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi. Alikuwa amesoma kuliko mimi. Askari wa karanga hawakusoma hivi kabla ya kupanda meli.

Palikuwa na kifungu kimoja nilichokipigia mstari: pasipoti itahifadhiwa na ofisi ya mwajiri "kwa usalama." Sheria ya Qatar yenyewe inakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Nilimwambia amwandikie wakala. Jibu lilikuja siku ya tatu, mistari miwili: hicho ni kifungu cha kawaida, hakiondolewi, kazi ipo au haipo. Kijana aliikunja ile karatasi polepole. Mkewe ana mimba ya miezi mitano, kodi ya nyumba inakwisha, na mafao ya kukosa ajira aliyoomba kwenye mfuko bado yanashughulikiwa.

Alitia saini. Ningekuwa na umri wake na mzigo wake, labda ningetia pia, na sitaki kumdanganya msomaji kwa kujifanya shujaa.

Aliondoka kwa treni ya SGR, asubuhi, mama yake akiwa amemfungia ubuyu kwenye mfuko wa nailoni. Siku moja kabla alipita kwangu na bahasha: nakala za pasipoti, mkataba, hati ya utumishi, na namba ya simu ya ubalozi wetu ulioko Doha. Aliomba niihifadhi. Nimeiweka kwenye kabati, kwenye rafu ya faili zangu za Kongwa, na amenitumia ujumbe mara mbili tangu afike. Katika wa pili anasema pasipoti waliichukua siku ya kwanza, wakampa stakabadhi. Nimemwomba aipige picha stakabadhi hiyo anitumie. Bado naisubiri.