Anayehara Anyweshwe, Asinyimwe



Kipindupindu cha mwaka 1997 kilinikuta kijana hapa Gerezani. Mtoto wa jirani alianza kuhara alfajiri, na wakubwa wakasema asipewe maji, eti yatamzidishia. Bibi yangu hakubishana nao. Alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akamnywesha kidogo kidogo hadi magharibi. Mtoto yule leo ana duka Kariakoo.

Bibi hakujua historia ya kikombe kile. Mwaka 1832, Dakta Thomas Latta wa Leith, Uskochi, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, na baadhi ya mahututi wakainuka. Alifariki mwaka uliofuata, na kazi yake ikaachwa. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, maelfu walikufa.

Mgonjwa hapotezi maji matupu. Hupoteza sodiamu, potasiamu na bikaboneti, chumvi ya jamii ya magadi inayozuia asidi isizidi katika damu. Ndiyo maana aliyezidiwa huvuta pumzi nzito za haraka: mwili unajaribu kupunguza asidi kwa njia ya mapafu.

Je, kwa nini sukari? Katika miaka ya 1960 wataalamu walithibitisha kwamba ndani ya utumbo, glukosi na sodiamu huingia pamoja mlango mmoja, na maji huzifuata. Mlango huo hufanya kazi hata wakati wa kuhara. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu ziliadimika kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Dakta Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Waliokufa hawakufika wanne katika kila mia.

Baadaye zikaenea paketi za ORS. Mwaka 1984 bikaboneti ilibadilishwa kwa sitrati, ambayo haiharibiki upesi kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu. Mwilini, sitrati hugeuzwa kuwa bikaboneti.

Lakini kipimo ni kipimo, ndugu zangu. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuhara. Ukiwa na paketi, soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukikosa, tumia vijiko vya Bibi huku ukimwahisha mgonjwa zahanati.

Tangu Latta hadi Bangaon ilipita miaka 139. Tusimnyime mtoto kikombe kilichotafutwa muda wote huo.

Tukijaliwa, wiki ijayo.