Mgeni katika Msikiti wa Süleymaniye

Mpenda ushairi wa pwani hafiki Istanbul akiwa mgeni kabisa. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi; na kiti cha enzi cha Herekali kilikuwa katika mji huu huu, zama ulipoitwa Konstantinopoli. Waturuki wa dola ya Uthmaniya waliutwaa mwaka 1453. Karibu karne moja baadaye, juu ya kilima kitazamacho hori iitwayo Pembe ya Dhahabu, Sultani Suleimani aliamuru ujengwe msikiti uliobeba jina lake: Süleymaniye.

Kazi ilianza mwaka 1550 ikakamilika mwaka 1557, chini ya msanifu mkuu Mimar Sinan. Mtalii aingiapo leo, viatu mkononi, jambo la kwanza alifanyalo ni kuinua uso. Kuba ina upana wa takriban mita 26, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni mita 53. Kwa jicho lililozoea misikiti ya kale ya kwetu, ambayo dari zake nyingi zilibebwa na boriti za mikoko na nguzo zake zikasogeleana, uwazi huo ni ajabu. Siri yake ni mgawanyo wa uzito: nusu-kuba mbili, moja upande wa kibla na nyingine mkabala wake, matao makubwa ubavuni, na mihimili minne minene ipokeayo mzigo na kuuteremsha ardhini.

Lakini atazamaye juu tu huondoka na nusu ya habari. Süleymaniye haukuwekwa wakfu peke yake. Uliandamana na madrasa, shule ya tiba, hospitali, jiko la kulisha watu, hamamu na nyumba ya wageni. Kwa desturi ya nyumba za namna hiyo, msafiri alipewa malazi na chakula kwa siku tatu bila kudaiwa malipo. Wahenga wetu waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wangekiri kwamba hapa ukarimu ulizidi kwa siku moja. Basi mgeni si mtu aliyeletwa na biashara ya utalii ya zama zetu. Nafasi yake ilitengwa tangu msingi ulipochimbwa.

Waliouchimba nao hawakuwa wa namna moja. Daftari za hesabu za ujenzi zimehifadhika, na mwanahistoria Ömer Lütfi Barkan alizichapisha katika juzuu mbili, mwaka 1972 na 1979. Zinaonyesha kuwa miongoni mwa mafundi huru waliolipwa ujira, takriban nusu walikuwa Wakristo. Pamoja nao walifanya kazi vijana waliokuwa wakifunzwa uaskari, na sehemu ndogo ya watumwa wa merikebu za makasia. Sinan mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kikristo karibu na Kayseri, akachukuliwa ujanani kwa utaratibu wa devshirme, uliowatenga watoto na wazazi wao ili wasilimishwe na kuitumikia dola. Fahari ya jengo haifuti uchungu huo, wala uchungu haubomoi fahari. Mgeni mwadilifu hana budi kuyaona yote mawili.

Mpenda maandishi naye ana lake la kutafuta: chumba kidogo juu ya mlango mkuu. Taa za mafuta zilizowaka usiku zilitoa masizi ambayo yangezichafua kuta. Inaelezwa kuwa Sinan aliuelekeza mkondo wa hewa ili moshi ukusanyike chumbani humo, na masizi yake yakafanywa wino. Hivyo nuru iliyowaangazia wenye kusali ilirudi tena ikiwa maneno juu ya karatasi. Suleimani mwenyewe alikuwa mshairi, na lakabu yake ni Muhibbi. Alipofariki mwaka 1566, mshairi Bâkî alimtungia shairi la maombolezo lililodumu katika fasihi ya Kituruki. Sultani amezikwa bustanini, nyuma ya ukuta wa kibla, jirani na mkewe Hurrem. Sinan, aliyefariki mwaka 1588, amelala nje ya ukuta, pembeni mwa njia, katika kaburi dogo ambalo ni rahisi kulipita bila kulitambua.

Moto wa mwaka 1660 uliuunguza msikiti huu, na tetemeko la mwaka 1766 likaibomoa sehemu ya kuba. Ulitengenezwa, na ungali nyumba ya sala. Ayasofya, ulio mjini humo humo, ulifanywa makumbusho kwa uamuzi wa mwaka 1934, ukarejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020, na tangu mwaka 2024 watalii wa kigeni hununua tiketi na kupitishwa ghorofa ya juu. Katika Süleymaniye mgeni na mwenye kusali hukanyaga zulia moja, wametengwa na kizuizi kifupi tu.

Jiko la wakfu halimngoji tena msafiri kwa bakuli la supu. Katika makubaliano yale ya kale umebaki mlango ulio wazi kwa upande wa mwenyeji, na adabu kwa upande wa mgeni: kusubiri nje wakati wa sala, kupunguza sauti, kutomlenga kwa kamera mtu aliyeinua mikono akiomba. Msafiri wa zamani hakudaiwa zaidi ya hayo, naye alilala akiwa ameshiba.