Litowa: Shule iliyozimwa na kikao

Wadau, ukipanda basi kutoka Songea kwenda Mbinga hadi Mbamba Bay, stori njiani ni kahawa, ngoro za Wamatengo na samaki wa Ziwa Nyasa. Litowa sijasikia ikitajwa.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini huko Songea wakaanza kulima pamoja. Ndipo ikazaliwa Ruvuma Development Association (RDA). Litowa wakajenga shule ya bweni kwa watoto wa vijiji vyao: wanasoma, wanalima, wanafuga, wanajifunza kuendesha kijiji. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wao walishaanza kuitenda.

Septemba 24, 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja RDA. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Kosa? Vijiji vilijiamulia mambo yao, na wakubwa wa chama mkoani hawakupenda.

Namheshimu Mwalimu, lakini hapa aliwaangusha vijana wale. Leo tunaambiwa tujiajiri, tujitegemee. Sawa. Swali langu ni moja: tukiweza, tutaachwa?