Siyo kila kuhema ni uzee

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Jana nikiwa maktaba niliacha notsi zangu nikazama kwenye historia moja. Sababu ni bibi yangu kule kijijini: akipanda kilima kidogo tu anahema, na sisi wote husema "ni uzee huo".

Iko hivi. Damu hutoka kwenye moyo kwenda mwilini kupitia mlango uitwao vali ya aota. Kwa baadhi ya wazee mlango huo hujaa chokaa, hukakamaa, haufunguki vizuri. Mwaka 1968 madaktari Ross na Braunwald wa Marekani waliandika kwamba dalili zikianza, muda uliobaki ni mfupi: moyo ukishashindwa kazi, ni kama miaka 2 tu.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mfaransa, Théodore Tuffier, mwaka 1912. Alisukuma ukuta wa aota kwa kidole ili aipanue vali. Kwa kidole jamani! Na mgonjwa hakufa. Mwaka 1960 kule Boston, Dwight Harken akaweka vali ya bandia, kigololi ndani ya kizimba. Safi, ila lazima kifua kipasuliwe. Wazee dhaifu waliambiwa hawawezi operesheni, warudi nyumbani.

Hapo ndipo Alain Cribier wa Rouen alipokataa. Mwaka 1985 alipanua vali kwa puto, lakini baada ya miezi ilikuwa inasinyaa tena. Tarehe 16 Aprili 2002 akapitisha vali iliyokunjwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo wa mwanamume wa miaka 57 aliyekataliwa na wapasuaji. Vali ilifanya kazi, ingawa mgonjwa alifariki miezi michache baadaye kwa matatizo mengine. Utafiti wa mwaka 2010 ukaonyesha: kati ya wasioweza kupasuliwa, baada ya mwaka mmoja walifariki karibu 31 kwa 100 waliowekewa vali hiyo, na karibu 51 kwa 100 ambao hawakuwekewa.

Kilichonigusa zaidi ni Vancouver. Wao walipanga safari nzima ya mgonjwa: nani wa kumpokea, asilazwe usingizi mzito bila sababu, atembee mapema. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuata mpango huo ulikuwa na wagonjwa 411, na wanne kati ya watano walirudi nyumbani kesho yake.

Lakini safari yote huanzia kwa mtu mmoja anayeweka stetoskopu kifuani na kusikiliza. Asubuhi nimempigia mjomba, ampeleke bibi akasikilizwe. Kama ni uzee, tuambiwe na daktari, siyo tujiambie wenyewe.

Haya, nawahi kantini kabla wali haujaisha. Tutaonana!