Nafuu ya kodi kwa mwajiri: nani hufaidika?

Sheria ya Fedha ya 2015 iliongeza katika Sheria ya Kodi ya Mapato kipengele kinachompa nafuu mwajiri aliyechukua wanagenzi wasiopungua 10 waliohitimu masomo, kwa miezi 6 hadi 12. Nafuu hukadiriwa kwa nusu ya mishahara aliyowalipa, na huipata mwaka unaofuata.

Hapo pana mambo matatu. Kwanza, idadi. Kampuni kubwa ya Mombasa yaweza kuchukua vijana 10. Mwenye hoteli ndogo Lamu anayehitaji mhasibu mmoja hapati kitu. Pili, fedha. Mishahara hulipwa leo, nafuu ni ya mwakani. Asiye na akiba hawezi kungoja. Tatu, muda. Miezi ikiisha, kipengele hicho hakimlazimishi mwajiri kumbakisha kijana. Aweza kumwacha akachukua mwingine.

Tena, kampuni ambayo ingeajiri vijana hao hata bila nafuu hupunguziwa kodi tu, wala nafasi za kazi haziongezeki.

Basi kijana, kabla hujatia sahihi mkataba wa unagenzi, uliza: baada ya miezi hiyo kuna nini? Na jibu liandikwe.